Mabinti wa Abdallah

Kila Idi, sinia la pilau likifika mifupani,
Mjomba Feruzi hujifuta mkono na kuanza:
Babu Abdallah alitoka Lamu, akapanda reli Mombasa,
upanga wa ala ya fedha ubavuni,
akashuka Nairobi ikiwa bado matope na vyura.
Upanga umepotea. Hupotea kila mwaka
mahali tofauti: mwaka juzi uliibwa na mpangaji,
mwaka jana uliuzwa kulipa karo ya mama yangu.
Sisi huitikia. Nyumba ya Majengo ni ushahidi.
Pua ya kaka yangu ni ushahidi.

Mimi ni mtu wa hesabu. Nimekagua vitabu vya watu
miaka kumi na tisa, najua jumla inavyoweza kunyooka
huku safu zimepinda.
Nikachukua likizo ya siku tatu, nikaenda Nyaraka,
nikaacha mkoba mlangoni, nikabaki na penseli.
Kalamu ya wino hairuhusiwi karibu na marehemu.

Karani Mutisya, shati limepigwa pasi hadi linang'aa,
akaniletea daftari la viwanja vya Pumwani
kama mtu aliyebebeshwa mtoto mchanga wa mwenzake.
Siku ya kwanza vumbi. Siku ya pili chafya.
Siku ya tatu, saa tano na robo, nikampata bibi:
Tatu binti Abdallah. Kodi ya kiwanja imelipwa.
Nusura nipige kigelegele humo ndani.
Kidole kikashuka mstari mmoja.
Mgeni binti Abdallah.
Hadija binti Abdallah.
Zena. Mwanaisha. Halima, tena Halima mwingine,
binti Abdallah, binti Abdallah.
Loo, mzee alizaa!

Nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikaniishia.
Abdallah: mja wa Mungu.
Baba aliyepewa kila aliyesilimu
akiwa hana baba wa kumtaja,
au anaye, ila njia ya kurudi kwake imeota nyasi.
Wanawake saba, ukurasa mmoja,
baba wa kuazima.
Hapo ndipo upanga ulipopotea kweli.

Kwenye safu ya kabila, mwandishi wa wakati ule
aliandika neno, akalikata kwa mistari miwili,
juu yake akaweka Mswahili.
Nililiinamia lile neno hadi macho yakatoa maji.
Herufi ya kwanza M, kama ya makabila yote.
Zilizobaki ni wino tu.
Pembeni: faini, shilingi ishirini, pombe bila leseni.
(Sisi tuliambiwa maandazi.
Nyumba nzima ilisimama kwa maandazi.)
Chini yake dole gumba, jeusi, lina kovu katikati.
Kovu hilo nalijua. Lilinikwaruza paji la uso
usiku wa surua.

"Ulimwahi akiwa hai?" Mutisya aliuliza, akifunga madirisha.
Nikamwambia nilimwahi hata akifa. Siku mbili nzima
alimwita mtu: Mwaitu, Mwaitu.
Tukatuma watoto Barabara ya Digo, kibaraza kwa kibaraza,
wamuulizie Bi Mwaitu, shoga wa bibi.
Hakuna aliyemjua. Tukasema ni homa.
Mutisya akaliacha dirisha wazi nusu.
"Mwaitu," akasema, taratibu, "ndivyo nimwitavyo mama."

Leo Idi tena. Mifupa imeanza kuonekana.
Nakala iko mkobani, imekunjwa mara nne.
Mjomba anajifuta mkono, ananigeukia mimi, msomi:
"Haya, na upanga je? Umeandikwa huko?"
Watoto wameacha kutafuna.
Nina pombe, nina kovu, nina neno lililokatwa,
nina mwanamke wa Ukambani nisiyemjua jina
ambaye huenda alizeeka akiangalia njia.
Sijui nianze na lipi.

"Mjomba," nasema, "sogea kidogo.
Kuna mtu hatujampakulia."